Orodha ya Watahiniwa ni Amana: Mwongozo kwa Walimu wa Mitihani Lamu

Jioni moja nilinunua njugu za shilingi ishirini Amu, yaani mji wa Lamu, pale kando ya bahari karibu na gati. Nilipomaliza kula nikaikunjua ile karatasi iliyosokotewa njugu, macho yakaangukia maandishi. Ilikuwa orodha ya alama. Majina matatu matatu ya watoto, nambari za vyeti vya kuzaliwa, alama za Hisabati na Kiingereza, na mbele ya jina la binti mmoja mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "dhaifu sana". Shule siitaji. Muuzaji hakuwa na kosa, alinunua karatasi kuukuu kwa kilo kama wanunuavyo wenzake. Lakini waliokula njugu jioni ile walikuwa wengi, na mji wetu ni mdogo. Babake yule binti angeweza kuwa amekaa hatua tano kutoka nilipokaa mimi.

Mwongozo huu nawaandikia walimu wenzangu wanaobeba kazi ya mitihani, kuanzia Kizingitini na Faza hadi Mokowe, Mpeketoni na Witu. Unafuata mwendo wa mwaka wetu: usajili, alama za darasani, siku za mtihani, matokeo, kisha karatasi zinazobaki. Mitihani ninayoikusudia ni KPSEA ya Gredi ya 6 iliyoanza 2022, KJSEA ya Gredi ya 9 iliyofanywa mara ya kwanza 2025, na KCSE ya kidato cha nne. Ukiwa na haraka, soma sehemu ya jina na ile ya saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Hapo ndipo tunapowaumiza watoto zaidi, na mara nyingi bila kujua.

Jua unachotakiwa kuchukua, kingine kiache

Kabla hujagawa fomu yoyote kwa wazazi, fungua ukurasa wa usajili wa Baraza la Mitihani, KNEC, uone unaulizwa nini hasa. Andika orodha yake kwenye karatasi: jina, nambari ya cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, ulemavu kama upo, na chochote kingine ambacho ukurasa wenyewe unakidai. Fomu ya shule yako iishie hapo.

Nasema hivi kwa sababu nimeona fomu zinazomtaka mzazi aandike dini yake, kazi yake, nambari ya kitambulisho chake, idadi ya wake na nambari ya simu ya jirani. Ukiuliza za nini, jibu ni kwamba fomu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubali jibu hilo. Inataka uchukue kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Tena inaziweka katika fungu la taarifa nyeti habari za afya, imani, ndoa, na hata majina ya wazazi na watoto wa mtu. Taarifa ambayo hukuichukua haiwezi kukupotea.

Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinahusu watoto: data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Kwa hivyo andika barua fupi kwa Kiswahili cha kawaida: tutachukua habari hizi, tutazipeleka KNEC ili mtoto asajiliwe, zitawekwa na fulani, na una haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe. Mistari sita inatosha.

Kisha isome kwa sauti katika mkutano wa wazazi. Hapa kwetu kuna mzee asomaye msahafu vizuri kuliko mimi lakini herufi za shule hazijui. Ukimpa barua atie sahihi bila kusomewa, hajakupa idhini, amekupa kidole gumba tu.

Jina

Hapa kaa kitako, usikimbie. Mtoto ataishi na jina la cheti chake maisha yake yote, na wewe ndiye unayeliandika.

Majina yetu yana mitego yake. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa sikio ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Fatma na Fatuma. Athman na Athumani. Mwanaisha huandikwa neno moja na wengine, na wengine maneno mawili. Halafu tunaitana kwa jina letu, la baba na la babu, na mjukuu hupewa jina la babu yake, basi darasa moja linaweza kuwa na akina Mohamed Ali Mohamed watatu. Nambari ya cheti cha kuzaliwa ndiyo itakayowatenganisha, jina halitatosha.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Cheti cha kuzaliwa kiwe mbele yangu, nakala au chenyewe, na ninaandika herufi kwa herufi kama kilivyo, hata kama naona karani wa zamani alikosea. Siandiki kwa kusikia, wala sinakili kutoka rejista ya darasa, kwa maana rejista nayo iliandikwa na mtu aliyesikia. Nikimaliza namwita mtoto mmoja mmoja, namwonyesha mstari wake peke yake huku mistari mingine nimeifunika kwa rula na karatasi, naye analisoma jina lake herufi moja moja huku kidole chake kiko juu ya cheti. Watoto wa Gredi ya 6 wana macho makali katika jambo hili. Mwisho mzazi anatia sahihi kwenye mstari huo.

Mwaka mmoja mama alikataa kutia sahihi.

"Mwalimu, huyu nyumbani twamwita Mwanaidi. Hilo Zainabu limetoka wapi?"

Lilitoka hospitalini. Bibi mzaa baba ndiye aliyeulizwa jina siku ile, akatoa la dadake.

"Mama Omari," nikamwambia, "cheti kinasema Zainabu. Tukiandika Mwanaidi huku na Zainabu kule, siku ya kutafuta kitambulisho atakuwa watu wawili. Mwataka tulifuate la cheti, ama mwende mkakibadilishe cheti kwanza?"

Alikwenda kuzungumza na mumewe, akarudi baada ya siku tatu. Wakalichagua la cheti. Nilichokiona ni kwamba uamuzi ulikuwa wao, na waliufanya mapema, mwezi wa pili, wakati ukurasa wa usajili bado uko wazi. Baada ya dirisha kufungwa, na hasa baada ya cheti cha KCSE kuchapishwa, kusahihisha herufi moja ni barua, viapo, malipo na safari. Kijana wa Kiwayu au Kiunga hana nauli ya safari hizo.

Mtoto asiye na cheti kabisa asiachwe hadi wiki ya mwisho. Muhula wa kwanza ukifunguliwa, tengeneza orodha yao, ipeleke kwa naibu wa chifu, na wazazi waelekezwe kwenye ofisi ya usajili wa raia. Usibuni nambari ili mstari ukubali. Nambari ya kubuni inaweza kuwa ya mtoto mwingine.

Safari ya saiba

Wengi wetu visiwani tunajua siku hii. Mtandao wa shule hauna nguvu, au hakuna stima, kwa hivyo mwalimu anabeba bahasha ya vyeti na kupanda boti Mtangawanda, kisiwani Pate, kwenda Amu. Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, hupitika maji yakijaa, na nahodha hangojei mtu. Mwalimu anafika saiba akiwa na saa mbili mkononi, amechoka, ana majina hamsini. Katika haraka hiyo ndimo taarifa za watoto zinamomwagika.

Anza na njia. Vyeti visafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, zile za rangi zilizooshwa ni nzuri. Mkoba wa nguo hauzuii maji ya chumvi. Ukiweza, acha vyeti nyumbani kabisa na ubebe orodha uliyokwisha kuihakiki.

Kama shule ina kompyuta ya mkononi, nenda nayo na utumie intaneti ya simu yako, hata kama utakaa kwenye baraza ya rafiki badala ya saiba. Ikiwa huna budi kutumia mashine ya saiba, fanya haya.

Kaa mwenyewe kwenye kibodi. Usimwachie kijana wa saiba bahasha ukaenda kuswali au kula. Si kwamba namshuku. Ni kwamba hakukabidhiwa yeye, umekabidhiwa wewe.

Fungua kivinjari katika dirisha la faragha. Mashine ikikuuliza kama ihifadhi paswadi, kataa.

Usimtumie karani faili kwa WhatsApp ili akuchapishie. Hili tunalifanya sote na ndilo baya kuliko yote. Ukishalituma, orodha ya watoto hamsini na nambari zao inabaki kwenye simu ya biashara, na kila anayeishika simu hiyo ataiona. Chukua flashi, chapisha, chomoa. Kama ulifungua WhatsApp yako kwenye mashine yao, toka humo kabla hujainuka, kisha hakikisha kwenye simu yako kwamba mashine ile haimo tena katika vifaa vilivyounganishwa.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye folda ya vilivyopakuliwa, futa vyako, kisha umwage na pipa la takataka la kompyuta. Mara moja nilipoifungua folda hiyo katika saiba fulani nilikuta vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa skani vya shule ambayo si yangu, darasa zima, vimekaa pale tangu mwaka uliotangulia. Nilimwita mwenye duka tukavifuta pamoja, kisha nikampigia simu mwalimu mkuu wa shule ile. Alishukuru. Alikuwa hajui.

Karatasi zilizochapwa vibaya, zile zenye wino hafifu au zilizokwama, hesabu na uondoke nazo. Ndizo zinazouzwa kwa kilo.

Paswadi ya shule ijulikane na mwalimu mkuu na mwalimu wa mitihani, basi. Mmoja akihamishwa, ibadilishwe siku hiyohiyo anapokabidhi funguo za kabati. Faili la majina kwenye flashi nalo lifungwe kwa paswadi, maana flashi ni kitu kidogo na mifuko ya kanzu ni mirefu.

Alama za darasani

Watu hudhani alama za tathmini za shule ni za ndani tu. Katika KJSEA, mtihani wenyewe ni asilimia 60. Asilimia 20 zinatoka KPSEA, na 20 nyingine ni tathmini za shule za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo kidole kikiteleza ukaandika 3 badala ya 8 leo, mtoto atakutana na kosa hilo miaka miwili baadaye wakati wa kuchaguliwa shule ya sekondari ya juu.

Ingizeni alama wawili wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika, kisha wanabadilishana na kusoma tena kutoka kwenye mashine kwenda kwenye karatasi. Msifanye kazi hii katika chumba cha walimu wakati wanafunzi wanaingia na kutoka kuleta madaftari. Na msimpe mwanafunzi "anayejua kompyuta" awasaidie. Ni mtoto mwerevu, lakini ataona alama za wenzake, na hatuwezi kumtaka mtoto wa miaka 13 abebe siri za darasa lake.

Siku za mtihani

Hapa KNEC ina kanuni zake na wasimamizi wanazijua, sina haja ya kuzirudia. Nitasema mambo mawili.

Mtahiniwa mwenye ulemavu anayehitaji muda wa ziada, maandishi makubwa au karatasi ya nukta nundu aombewe mapema, na habari za hali yake zijulikane na wanaohusika tu. Usizibandike mlangoni pamoja na mpangilio wa viti. Nimeona neno "kifafa" kwenye mlango wa chumba cha mtihani, na mwenye jina alilipita kila asubuhi kwa siku zote za mtihani.

Na picha. Kila mwaka watu hupenda kupiga picha watahiniwa wakipanda boti, wakiombewa dua, wakipokea sanduku la kalamu kutoka kwa mfadhili. Picha ya mtoto ni taarifa yake. Mwaka 2023 shule moja hapa Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fedha hizo zingejenga nini katika shule zetu, kila mmoja ajihesabie. Dua iombwe na simu zikae mfukoni.

Matokeo

Desturi yetu ni ukuta. Karatasi hubandikwa nje ya ofisi, wa kwanza juu na wa mwisho chini, na mji wote huja kusoma. Siku hizi ukuta umehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na huko hauchakai kwa mvua.

Nilipopendekeza tuache, baba mmoja alisimama katika mkutano akaniuliza, "Mwalimu, sasa tutajuaje nani amekuwa wa kwanza?" Nikamjibu kwamba wa kwanza atatangaza mwenyewe, na ni haki yake. Anayenishughulisha ni wa arobaini na saba. Kila mtu hapa anamjua kwa jina la babu yake. Akiaibishwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili yuko kwenye mashua ya uvuvi au anaolewa. Nimewapoteza wanafunzi kwa njia hiyo na majina yao ninayo kichwani. Tena viwango vya KJSEA, kuanzia kuzidi matarajio hadi chini ya matarajio, vimewekwa vimweleze mtoto amefika wapi. Kumpanga na wenzake kwenye foleni si kazi ya viwango hivyo.

Basi pakua matokeo, chapisha karatasi ya kila mtoto peke yake. Kama ni orodha moja, ikate vipande kwa mkasi. Weka siku mbili za kuchukua, asubuhi na baada ya alasiri, kwa sababu wanaume wengi huwa baharini na akina mama wana shughuli zao. Mzazi au mlezi aliyeandikwa kwenye fomu ndiye apokee na atie sahihi. Shangazi akija bila kuandikwa, mpigie mzazi kwanza. Usimpe mtoto wa jirani ampelekee mwenzake.

Akipiga simu mtu akisema ni babake fulani, mwambie utampigia wewe kwenye nambari iliyo katika fomu. Mwenye haki hatakasirika. Na shule jirani au madrasa ikiomba orodha ya waliofaulu ili iwatafute, jibu ni kwamba mzazi ataipeleka akipenda.

Karatasi zinazobaki

Sheria inataka taarifa zikae kwa muda unaohitajika tu. Rejista ya kuandikishwa shule na kumbukumbu ya matokeo hubaki, na vyeti visivyochukuliwa hufungiwa kwenye kabati ya chuma hadi mwenyewe aje. Lakini rasimu za usajili, nakala za vyeti vya kuzaliwa zilizokwisha kutumika, orodha za majaribio zenye maoni ya walimu, na zile karatasi za saiba, hazina kazi tena. Baada ya muhula wa kwanza wa mwaka unaofuata, mwalimu mkuu atoe ruhusa kwa maandishi, kisha zichomwe shuleni watu wawili wakitazama, na iandikwe siku gani ziliteketezwa. Zisiuzwe. Zisipelekwe jikoni kuwashia moto, maana zikifika jikoni husomwa kwanza.

Simu za walimu nazo zina kumbukumbu. Piteni mmoja mmoja mfute picha za orodha mlizopiga "kwa dharura".

Jambo moja ambalo wakuu wengi hawalijui: mtu au taasisi inayoendesha elimu imo katika orodha ya wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kama ni ndogo, na cheti cha usajili hudumu miezi 24. Mkumbushe mwalimu mkuu.

Taarifa zikivuja

Hata ukifuata yote haya, siku moja kitu kitateleza. Shuleni kwetu mwalimu mwenzetu, mtu makini, alikusudia kunitumia faili la alama akalituma kwenye kundi la wazazi usiku. Alilifuta baada ya dakika kumi na moja. Watu walikuwa wamekwisha kulifungua.

Usifiche. Andika papo hapo: kimetoka nini, cha watoto wangapi, saa ngapi, kimefika kwa nani. Zuia kinachoweza kuzuilika, yaani futa ujumbe, badilisha paswadi, omba waliopokea wafute. Mwambie mwalimu mkuu usiku huohuo. Ikiwa kuna hatari ya kweli kwa watoto, shule ina saa 72 tangu kujua ili imwarifu Kamishna, na ofisi yake hupokea taarifa kwa mtandao. Kama aliyevujisha ni mtu mliyempa kazi, mathalani fundi wa kompyuta anayewawekea kumbukumbu, yeye ana saa 48 za kuwaarifu nyinyi, kwa hivyo liwekeni sharti hilo kwenye mkataba wake kabla hajashika kitu.

Kisha wazazi. Barua iseme wazi: jina la mtoto wako na alama zake zilitumwa kimakosa kwenye kundi siku fulani, tumefanya hivi kulirekebisha, ukiwa na swali njoo umwone fulani, na usiporidhika una haki ya kumlalamikia Kamishna. Usiandike "hitilafu ya mitambo" ikiwa ilikuwa mkono wa mtu. Sisi barua zile tuliziandika Ijumaa asubuhi, tukagawana mitaa, na kwa wazazi wasio na simu tulikwenda kwa miguu, tukabisha hodi, tukawasomea.